Mbwa anatii akiwa kwenye kamba, lakini nikimwita anakimbia: nianzie wapi?

Mkazi wa Tengeru:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nimemchukua mbwa jike wa kama miaka miwili kutoka kwa jirani aliyehama. Huko alikuwa akifungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili alinde ua. Akiwa kwenye kamba hukaa na kulala chini kila ninapomwamuru, tena upesi, lakini nikimfungua na kumwita hunitazama kwa mbali, kisha huzungukia nyuma ya banda la kuku. Nikiinua mkono, hata kama ninaanika nguo tu, hujikunyata na kufyata mkia. Mkufunzi mmoja amenishauri nimkaripie na kuivuta kamba kwa nguvu kila anapokaidi, ili ajue mkubwa ni nani. Nimesita. Je, mbwa wa namna hii anaweza kuniamini?

Daktari wa mifugo:
Anaweza, na umefanya vyema kusita. Mbwa anayekaa upesi huku amefyata mkia hajatulia, bali anajihami, na utii wa aina hiyo huishia pale kamba inapoishia.

Kwanza mpeleke akapimwe. Jeraha la mnyororo chini ya manyoya ya shingo au sikio lenye maumivu humfanya mbwa aukwepe mkono, nasi tukadhani ni ukaidi. Papo hapo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, ikiwa huna uhakika kwamba alichanjwa.

Ukirudi nyumbani, acha amri kwa muda. Keti chini ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho, na mtupie kipande cha maini yaliyochemshwa hapo alipo badala ya kumnyooshea mkono. Akija mwenyewe kunusa, mkune kifuani, si juu ya kichwa, kwa sekunde chache tu, kisha uondoe mkono. Akisogea anataka zaidi, na akigeuza uso mwache aende. Akilamba midomo pasipo chakula, akipiga miayo bila usingizi, au weupe wa macho yake ukionekana pembeni, ujue umemkaribia mno. Akinguruma, usimkaripie hata kidogo, kwa sababu mbwa aliyekatazwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Mfuga mbwa wa ulinzi:
Nakubaliana na daktari, ila naona neno "njoo" limekwisha kuharibika. Katika nyua zetu nyingi mbwa huitwa alfajiri ili afungiwe. Kwake yeye kuitwa ni kurudishwa mnyororoni, basi aje kufanya nini? Tafuta mwito mpya, mluzi kwa mfano, na kila unapoupiga apate kitu kitamu mara tu anapofika, kwani tuzo ikichelewa hataihusisha na kuja kwake. Anza akiwa hatua mbili kutoka kwako, kisha ongeza umbali kidogo kidogo. Unaweza kumwachia kamba nyepesi ya mita 10 ikiburuta chini wakati unamwangalia, lakini usiivute kumlazimisha. Baada ya kumtuza, mwachie tena akacheze. Wakati wa kumfungia, usimwite: mfuate, au weka chakula chake bandani aingie kwa hiari.

Msomaji wa Moshi:
Kwa heshima zote, mbwa akibembelezwa hivyo si atakula mikononi mwa mwizi?

Mfuga mbwa wa ulinzi:
Hoja hiyo huisikia kila mara, wala siioni kuwa na mashiko. Mbwa huwabwekea wageni kwa sababu anawafahamu watu wake. Tena pale Usa River, jirani na muuliza swali, shirika la uhifadhi wa wanyamapori la African Wildlife Foundation limekuwa na kituo kinachofunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na askari wanaowaongoza, na mbwa wa kazi hiyo akiipata harufu hutuzwa kwa mchezo. Ni kazi ya bandarini na viwanja vya ndege, penye kelele na umati, na mbwa anayemhofia kiongozi wake hawezi kuifanya.

Mkazi wa Tengeru:
Ahsanteni sana. Je, watoto wangu nao wapige mluzi huo?

Daktari wa mifugo:
Bado. Mtu mmoja aanze, mpaka mbwa aje bila kusita hata kuku wakiwa uani. Kwa sasa watoto wamtupie chakula kwa mbali ukiwapo, wasimkumbatie, wala wasimfuate akiwa amelala au anakula.