Wazee waliostaafu jeshini: niwaulizeje kwa nini walijiunga?

Mdau wa Mafinga: Kamwene wadau. Nataka kurekodi wazee wa Iringa na Mbeya. Niulize vipi ili nisiishie kwenye "kulitumikia taifa" tu?

Jibu 1: Anza na mwaka, "kwa nini" ije baadaye. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, liliundwa Septemba 1, 1964. Aliyetangulia hapo alikuwa Tanganyika Rifles, au kabla ya uhuru wa 1961 KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni; wa KAR mshahara uulizie wazi. Aliyepitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa): alijitolea au alikwenda kwa mujibu wa sheria? Hapo ndipo wengi huchanganya. Wa 1978 wanahitaji uangalifu zaidi: Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, jeshi liliongezewa mgambo, polisi na magereza. Mgambo aliyeitwa ukimuuliza "ulichaguaje jeshi?" unamvuruga. Sema, "Mzee, wito ulikufikiaje?"

Jibu 2: Naongezea. Shikamoo, kisha kaeni wawili. Mbele ya wajukuu hutoka maneno ya gwaride. Uliza nani alileta habari, mama alisemaje, shamba la mahindi liliachiwa nani. Sababu halisi imejificha humo. Simu iwe nusu mita kutoka mdomoni, na mvua ikipiga bati ahirisha, hutasikia kitu. Silaha na vikosi usiguse.

Mdau wa Mafinga: Asanteni sana. La shamba sikuliwaza kabisa.