Mkono uliochakaa kwa koleo: tajiri alipe au asilipe?

Mleta mada: Wana Malindi, hili limetushinda barazani. Jirani yangu ni kibarua wa chumvi huko Gongoni, kazi yake kukwangua chumvi mabwawani kwa koleo na kujaza toroli. Sasa usiku vidole vinakufa ganzi, na asubuhi mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Kaenda kwa tajiri, akaulizwa: "Uliumia lini? Nani alikuona?" Atajibu nini, na hakuanguka wala hakukatwa?

Mimi nasema anadaiwa. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda akague hatari za kazi anayoitoa, awe mtu ni wa kutwa au wa kudumu. Na sheria ya fidia ya mwaka huohuo haikuishia kwenye ajali, imetaja na magonjwa yatokanayo na kazi.

Mwenye lori: Huyo jirani yako ana shamba, sivyo? Jumapili analima. Utajuaje ni koleo la tajiri na si jembe lake mwenyewe? Mkimlipisha kila ganzi, ataleta mashine, na vijana wa Marereni wote watarudi kukaa chini ya mwembe.

Nesi wa zahanati: Kaka, la mashine nakukubalia, linatisha. La jembe hapana. Jembe ni asubuhi moja, koleo ni kutwa nzima siku sita, mkono uleule, mkunjo uleule. Halafu malipo ni kwa toroli, kwa hiyo hakuna anayethubutu kupumzika. Wanaokuja kwangu hushika kifundo cha mkono kwanza, hata sijauliza. Leo akwangue, kesho ashone magunia, na mpini uwe wa kimo chake. Hapo tajiri kapoteza nini?

Mzee wa Magarini: Malalamiko ya mashamba haya ya chumvi si mageni. Tume ya haki za binadamu ilikuja kutusikiliza, ikatoa ripoti 2006. Mwanangu mleta mada, mwambie jirani asikimbilie wakili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019, madai haya huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Asikawie pia, maana dai la ajali lina miezi 12 tu, na tajiri hatakosa wa kumhesabia. Na kwenye kadi ya hospitali iandikwe kazi anayofanya, isiandikwe "maumivu ya mkono" basi.

Mwenye lori: Sawa mzee, sheria ipo. Lakini kibarua huitwa kila alfajiri na mnyapara. Akishtaki leo, kesho ataitwa?

Mleta mada: Ndilo aliloniuliza na yeye. Nani anamjua aliyeshtaki akaitwa tena?