Yule msimulia hazina wa usiku kanidhalilisha mbele ya mama mkwe, sitanyamaza

Sokomoko:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wasimamizi nawaomba, msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho.

Yule jamaa wa hazina. Simtaji, mnamjua. Yule wa sauti ya kutokea kwenye pipa, anayeanza kila simulizi kwa "zima taa, funga mlango". Jana usiku alikuwa laivu, mada ilikuwa dhahabu ya Waazteki, wale wenyeji wa Mexico ya kale. Eti mfalme wao Moctezuma alipoona Wahispania wanakuja, akatuma maelfu ya watu wabebe dhahabu yote kwenda kaskazini, wakaificha pangoni kule Kanab, Utah, Marekani. Halafu wabebaji wakauana mmoja mmoja hadi wakaisha, siri isitoke.

Mimi nikauliza kwa adabu zote za mtoto wa Kiislamu: "Mwalimu shikamoo. Waazteki hawakuwa na farasi, punda wala ng'ombe, na mkokoteni hawakutumia. Kutoka Tenochtitlan, mji wao mkuu, mpaka Kanab ni zaidi ya kilomita 2,000. Nani alibeba? Na kama wabebaji walikufa wote, wewe kakusimulia nani?"

Akasoma. Kwa sauti. Na jina langu akalitaja. Akanyamaza kama miaka mitatu hivi. Halafu akasema:

"Huyu mpeni uji, ana njaa."

UJI!

Watu wakaanza kumwaga vikatuni vya vikombe. Skrini nzima vikombe, uso wake hauonekani. Na simu nilikuwa nimeiunganisha na spika kubwa ya sebuleni, makusudi kabisa, ili mama mkwe asikie mkwe wake anavyochangia mada na watu wazito. Mama mkwe katoka Singida, ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwangu tangu harusi. Akanigeukia pole pole, akauliza: "Baba Neema, kwani hukushiba?"

Nikitaka kujibu kule laivu, tayari kanipiga bloku.

Huyo mtu anatulisha matango pori. Mji huo wa Waazteki ulianguka mikononi mwa Wahispania tarehe 13 Agosti 1521. Mfalme wao wa mwisho, Cuauhtémoc, akakamatwa ndani ya mtumbwi, akapakwa mafuta miguuni akachomwa moto ili aseme dhahabu iko wapi. Pamoja naye alichomwa mtawala wa Tlacopan, mji jirani. Jibu walilopata Wahispania ni kwamba imetupwa ziwani. Wakapiga mbizi, wakaambulia vitu vya hapa na pale. Hakuna aliyetaja Utah! Mtu anachomwa nyayo halafu mimi niliyeuliza swali la usafiri ndiye naambiwa nina njaa?

Uji, wakuu. Mbele ya mama mkwe.

Tumbili Mstaafu:
Nimesoma yote. Swali langu moja: ulipewa?

Dada wa Mwisho:
Hahahaa "kwani hukushiba". Mama mkwe ndiye aliyekumaliza, jamaa wa watu msimsingizie.

Fundi Mabomba:
Mkuu punguza povu. Pale watu wanaingia kusikiliza chai, wewe unaingia na rula unapima kilomita. Ukienda ngomani unamuuliza mpiga ngoma risiti ya ngozi?

Sokomoko:
@Fundi Mabomba chai sawa, lakini ana kikundi cha kulipia! Elfu tano kwa mwezi "kufunguliwa siri". Na tena alisema UJI, hakusema hata chai.

Kobe wa Changuu:
Tuliza boli kijana. Kulalamika hadharani kwa ajili ya dhahabu hii hukuanza wewe. Baada ya mji kutekwa, askari wa Cortés, kamanda wa Wahispania, walipoona mgao wao ni kiduchu, wakawa wanaandika mafumbo ya kumsuta kwenye kuta nyeupe za jumba alilokaa kule Coyoacán. Kila asubuhi maneno mapya. Cortés naye akajibu hapo hapo ukutani, kwamba ukuta mweupe ni karatasi ya wapumbavu.

Naishia hapo. Endelea na uzi wako.

Tumbili Mstaafu:
@Kobe wa Changuu hahahaa mzee umemuita mpumbavu kwa njia ya maktaba.

Mla Ndizi Bukoba:
Mleta uzi unajifanya mjuaji lakini dhahabu ipo. Mwaka 1981 fundi mmoja alikuwa anachimba kwenye ujenzi karibu na bustani ya Alameda, katikati ya jiji la Mexico, akaibuka na kipande cha dhahabu karibu kilo mbili. Mwaka 2020 wataalamu wakakipiga mionzi wakasema ni cha enzi za Cortés kabisa. Sasa kama si hazina ni nini, kitasa?

Sokomoko:
@Mla Ndizi Bukoba asante, umenisaidia bila kujua. Hicho kipande hakikufichwa na Waazteki, kilidondoshwa na wezi wakikimbia! Wahispania walifikia kwenye jumba la Axayacatl, babaake Moctezuma, kama wageni. Mgeni anapewa kitanda, yeye anagonga kuta. Wakaona mlango uliozibwa, wakabomoa, wakakuta chumba kimejaa. Vito vya watu wakaviyeyusha, vikawa vipande vya kubebeka. Usiku wa 30 Juni 1520 wakawa wanatoroka kwa njia iliyopita juu ya ziwa kuelekea Tlacopan, wakashtukiwa. Waliojaza dhahabu mwilini wakazama nayo. Kipande chenu kimetoka huko, mjini pale pale. Si Utah!

Haya ndiyo nilitaka kuyaandika jana, laiti nisingepigwa bloku baada ya kuambiwa nipewe

Dada wa Mwisho:
nipewe nini? Malizia sentensi kaka.

Fundi Mabomba:
Nasikia harufu ya ulezi.

Kobe wa Changuu:
Usiku huo alikuwepo askari mmoja, Bernal Díaz del Castillo, ambaye uzeeni aliandika yote. Wenzake wakibeba dhahabu, yeye akachukua vijiwe vinne tu vya kijani, akijua Waazteki wanavithamini. Akavuka salama, na baadaye vikamsaidia kupata matibabu na chakula.

Tumbili Mstaafu:
Chakula gani mzee? Isije ikawa ni kile kile.

Kobe wa Changuu:
Sijasema.

Mama Wawili:
Kwanza hao Waazteki dhahabu walikuwa wanaiita teocuitlatl, yaani kinyesi cha miungu. Nyie mnagombana usiku kucha kwa sababu ya kinyesi. Manyoya ya ndege na yale mawe ya kijani ndivyo vilikuwa na heshima kwao.

Mla Ndizi Bukoba:
Sasa Utah imetoka wapi? Moshi hautoki bila moto.

Mama Wawili:
Imetoka kwa Mmarekani mmoja, Freddy Crystal. Mwaka 1914 aliingia Kanab na stori zake za hazina ya Moctezuma. Miaka ya 1920 akarudi, akawashawishi watu wa mji wakaacha kazi zao wakaenda kuchimba mlimani. Walichopata ni vumbi. Baadaye hamu ikahamia kwenye bwawa moja karibu na hapo, kumbe ndani yake kuna konokono adimu, serikali ikamwekea ulinzi. Konokono akapata ulinzi, dhahabu haikuonekana.

Fundi Mabomba:
Huyo Crystal hana ndugu Temeke kweli? Maana mbinu ni ile ile.

Jembe Halilimi:
Nyie mnalilia uji wa laivu. Mimi nimelizwa milioni mbili na laki tatu TASLIMU na mzee mmoja wa ramani ya Mjerumani. Eti Wajerumani wakati wanakimbia vita ya kwanza walizika sanduku chini ya mbuyu. Tukachimba usiku, mwezi mchanga, kuku mweusi, mimi ndiye nimeshika tochi. Tulipofika kiunoni mzee akasema hazina imehama, inataka mbuzi. Hazina INAHAMA jamani! Inapanda basi?

Dada wa Mwisho:
@Jembe Halilimi pole. Ulinunua mbuzi?

Jembe Halilimi:
Wawili.

Tumbili Mstaafu:
Mpeni huyu uzi wake, wa uji akae benchi.

Sokomoko:
Tafadhali, mada ni yule jamaa. Nimepima hesabu: hata kama kila mbebaji angebeba kilo ishirini na kitu, kama walivyokuwa wanabeba wachukuzi wao, na mwisho wa 1520 ndui imeingia mjini, imemuua hata Cuitláhuac aliyemrithi Moctezuma, nani ana nguvu za kutembea mpaka

Mzee wa Pwani:
@Jembe Halilimi tofauti ni kwamba Mjerumani kweli dhahabu alikuwa nayo. Mwaka 1916 walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 hapo hapo Tabora, zina picha ya tembo. Mjomba wangu aliuziwa moja. Aliipeleka kwa sonara, sonara akaikwaruza kidogo, chini ikatokea shaba. Mpaka leo mjomba hapiti mtaa wa masonara.

Mla Ndizi Bukoba:
Shemeji yangu aliuziwa zebaki nyekundu ndani ya redio ya zamani. Ilikuwa rangi ya kucha.

Jembe Halilimi:
Tufungue uzi wa waliolizwa hazina, kila mtu ataje kiasi.

Fundi Mabomba:
Kiasi na idadi ya mbuzi.

Mama Wawili:
Kuna Mfaransa aliitwa Jean Fleury, huyo hakuchimba wala hakununua mbuzi. Dhahabu ya Cortés ikiwa njiani kwenda kwa mfalme, akazivamia meli baharini akajipakulia. Wahispania walimnyonga 1527, ila miaka kadhaa alitanua.

Mzee wa Pwani:
Huyo ndiye mwenye akili kwenye uzi huu.

Sokomoko:
Naleta mrejesho. Asubuhi hii nimeamka nimekuta mezani chupa ya chai, kikombe, na kawa. Nimefunua. Ni uji. Wa ulezi, una karanga na limao. Mama mkwe ameamka saa kumi na moja kunipikia. Anasema usiku hakupata usingizi, alikuwa anafikiria mwanaume wa watu analala na njaa mpaka anatangazwa.

Sijui niandike nini. Nimekunywa viwili.

Dada wa Mwisho:
Ulezi mnanunua bei gani huko? Huku kwetu kilo imepanda sana.

Jembe Halilimi:
Inategemea, wa Singida ni mzuri ila una mchanga.

Mzee wa Pwani:
Peteni vizuri. Mchanga si dhahabu.