Gumzo la ukoo: chungwa na majina yake

Shangazi Zuhura (Muscat): Asalaam alaykum nyote. Nimetoka sokoni sasa hivi. Hapa chungwa wanaliita burtuqal. Neno hili asili yake wapi?

Ami Rashidi: Waalaykum salaam dada. Hiyo ni Ureno yenyewe, Portugal! Wareno ndio waliosambaza sana machungwa matamu kutoka Asia, hasa karne ya 16, watu wakalipa tunda jina la muuzaji. Waturuki husema portakal, Wagiriki portokali, Waromania portocală. Kiamhari nacho birtukan.

Shangazi Zuhura: Kwani Waarabu hawakuwa na machungwa kabla ya hapo?

Ami Rashidi: Walikuwa nayo, ila machungu, kama danzi letu. Hilo ni naranj, kutoka Kiajemi narang, nacho kilitoa kwenye Kisanskriti naranga. Wataalamu wengi wanalifikisha hadi lugha za Kidravidi, kusini mwa India.

Salma (Rotterdam): Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Huku kwetu ni sinaasappel, yaani tofaa la China!

Ami Rashidi: Marahaba mwanangu. Wala hawakukosea, chungwa tamu Wachina walilipanda zamani sana. Warusi wanasema apelsin, wamelitoa upande huo huo wenu.

Idi: Shikamooni wakubwa. Na orange ya Waingereza je?

Ami Rashidi: Naranj hiyo hiyo. Waarabu waliifikisha Hispania, ndiyo maana Wahispania wana naranja mpaka leo. Waitaliano walisema "una narancia", ile n ya narancia ikamezwa na "una" iliyotangulia, ikabaki arancia; orange nayo haina n hiyo ya mwanzo. Mimi hapo ndipo huvutiwa zaidi, herufi moja tu kudondoka njiani!

Salma: Basi jezi za Uholanzi ni rangi ya tunda?

Ami Rashidi: Hapana, asili ni mji wa Orange, Ufaransa. Warumi waliuita Arausio, hauhusiani na tunda. Willem, kiongozi wa Waholanzi wa zamani, aliurithi mwaka 1544, majina yakafanana, rangi ikafuata.

Shangazi Zuhura: Maashallah. Sasa nimemwelewa jirani yangu Mwajemi. Kwao narenj ni lile chungu, wanalikamulia samaki. Tamu ni porteghal.

Ami Rashidi: Umeona! Wao wanayo majina yote mawili, la zamani na la Wareno.

Shangazi Zuhura: Idi, ukija huku usisahau madanzi. Nina nguru kwenye friji.

Idi: Inshallah Shangazi. Na machungwa ya Muheza?

Shangazi Zuhura: Lete, hata yakiwa na ganda la kijani. Utamu nitauonja mwenyewe.