MSAADA: viza ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) kwa meli ya kitalii, na kushuka bandarini na watoto

Kutoka: Mama Wawili (Leeds)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za wiki. Nimetoka kituo cha viza nimevimba. Tuko wanne: baba watoto na wanangu (miaka 4 na 9) wana pasi za hapa, mimi ndiye nimebaki na pasi yetu ya Tanzania. Tumelipia meli ya Agosti: tunapandia Civitavecchia, halafu Santorini, Kusadasi, Piraeus, Mykonos, Napoli, tunashukia Civitavecchia. Dada wa dirishani ananiuliza hoteli ya kila usiku iko wapi. Namwambia nalala melini. Ananitazama kama nimemtukana. Eti basi niandike kila bandari tutashuka kufanya nini, na wapi. Fomu kanirudishia.

Sasa, aliyewahi kwenda na watoto anisaidie. Zile ziara za nchi kavu tununue za meli yenyewe au tujipange wenyewe? Santorini na kigari cha mtoto panapitika? Na hicho kikaratasi cha dirishani kinaandikwaje?

Kutoka: Mangi wa Kibosho (Bremen)

Dada, kwanza umeomba ubalozi wa nchi gani? Kanuni ni nchi utakayokaa siku nyingi. Zikilingana, ile unayoingilia. Meli inaanzia Italia, omba Italia. Ada ni euro 90, na bima isiwe chini ya euro 30,000. Usisahau kutoa nakala ya BRP, ile kadi ya ukaazi ya Uingereza, pande zote mbili, mdogo wangu walimrudisha kwa hilo tu.

Kutoka: Shangazi Majengo (Slough)

Mangi, BRP ipi tena? Zilikwisha muda 31 Desemba 2024, siku hizi ni eVisa, kibali cha mtandaoni. Nyie wa Ujerumani mna tabia ya kutujibia mambo ya Uingereza.

Na siku zihesabiwe, siyo "inaanzia Italia". Ugiriki ana Santorini, Piraeus na Mykonos. Italia ana siku ya kupanda, Napoli, na siku ya kushuka. Zimelingana, kwa hiyo ni Italia. Umepatia, ila kwa kubahatisha.

Lililo kubwa mmeliruka wote. Kusadasi ni Uturuki! Meli ikitia nanga pale umeshatoka Schengen. Wakikupa viza ya kuingia mara moja, Piraeus utabaki melini unawapungia watoto mkono, kama hawajakukatalia kupanda tangu mwanzo. Weka alama kwenye kuingia mara nyingi na uandike sababu. Uturuki nao wana viza yao kwa pasi yetu, kampuni ya meli ikujibu kwa maandishi, siyo kwa simu.

Kutoka: Kijana wa Rau (Milano)

Mimi yangu yalikuwa majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina la ubatizo na la baba, NIDA wa kitambulisho cha taifa wakaongeza la babu, pasi ikafuata NIDA. Mtoto akachukua la babu. Tukafika kaunta ya kupandia meli, mama yake yuko kazini hakuja, mhudumu anataka barua ya ridhaa ya mama, tena anauliza kwa nini mtoto na baba hawafanani majina. Watu nyuma wanaguna. Dada, hata kama mnasafiri wote wawili, beba vyeti vya watoto vya kuzaliwa.

Kutoka: Mzee Sanawari (Arusha)

Marahaba binti. Nilifanya kazi melini kabla sijarudi kuendesha watalii huku, nikujibu la kushuka.

Santorini meli haifungi gatini. Inabaki katikati ya maji, mnashushwa kwa boti ndogo hadi bandari ya zamani chini ya Fira. Kutoka pale ni kebo (vibanda vinavyopanda kwa waya), au ngazi zinazokaribia 600 zenye mavi ya punda. Foleni ya kebo Agosti ni ndefu na jua linapiga. Kigari kiwe cha kukunja kwa mkono mmoja. Kuna tozo ya abiria wa meli tangu Julai 2025, euro 20 kwa kichwa Santorini na Mykonos msimu wa kiangazi, mtaiona kwenye bili.

Kusadasi ni rahisi, mnashukia mjini. Magofu ya Efeso ni kama kilomita 20, ingieni geti la juu mteremke. Marumaru inateleza na kivuli hakuna, nendeni asubuhi. Piraeus kuna treni ya chini ya ardhi hadi Athens, ila joto likizidi hufunga magofu ya Akropoli saa za mchana, na mtoto wa miaka 4 hana habari na nguzo.

Ziara ya meli ni ghali, lakini ikichelewa meli inawasubiri. Mkijipangia, saa ya kuondoka ikifika inaondoka.

Ila kwa hela hiyo, leteni watoto nyumbani. Tarangire chini ya miaka 5 getini halipi.

Kutoka: Shangazi Majengo (Slough)

Shikamoo mzee. Wa miaka 9 je? Kwa pasi ya Uingereza analipa kama mzungu, wakati bibi yake yuko Old Moshi analima migomba! Tunadai uraia pacha tangu sijaolewa, mwaka 2025 bunge likatupa "hadhi maalumu". Maalumu kwa nani?

Kutoka: Mangi wa Kibosho (Bremen)

Hadhi maalumu ni hatua, shangazi, acha kususa kila kitu. Mzee kanikumbusha ile kebo waliyotaka kuijenga Kilimanjaro mwaka 2019. Wagumu, wapagazi wa mlimani, walipinga, na walikuwa na haki. Nani angewabebesha mizigo?

Kutoka: Kijana wa Rau (Milano)

Haki gani, wazee wetu wangeuona mlima kwa karibu bila kuvunjika magoti. Mie naikumbuka Chemka tu, ile chemchemi ya kwetu Kilimanjaro, maji yale na mishikaki ya pembeni. Hapa ziwani Como wanatoza hadi kiti cha kukalia.

Kutoka: Mama Wawili (Leeds)

Aika, asante sana mzee, kigari nimekielewa. Fomu ya Italia nimeichukua, kuingia mara nyingi nimeweka alama. Narudi dirishani Jumanne. Jamani, kile kikaratasi cha kila bandari kinaandikwaje? Barua, au jedwali? Niseme tutakula piza Napoli?

Kutoka: Shangazi Majengo (Slough)

Kuna anayeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kabla ya shule kufunguliwa? Nina viatu vya wajukuu, kilo tatu tu, watapokea pale pale uwanjani.