Mjadala: Mke mpweke ndani ya ndoa, atulie au atoke?

Jumapili kwenye chama chetu hapa Donholm, Nairobi, tuligawanyika vibaya. Mwenzetu, mama wa watoto wawili, ameanza kujifunza ushonaji jioni, Jumanne na Alhamisi. Mama mmoja akasema mke wa mtu hafai kurudi nyumbani saa mbili usiku. Atulie, amwombee mumewe, atabadilika. Wengi wakaitikia.

Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Nimewahi kuketi kwake. Ugali ulikuwa umefunikwa tangu saa moja. Mzee aliingia saa tano, akala macho yakiwa kwenye simu, akanawa, akaenda kulala. Hata "habari ya leo" hakusema. Hampigi, karo analipa, kodi analipa, kwa hiyo watu humhesabu mume mwema. Juzi alipomwona mkewe amevaa kutoka, akamwuliza, "Unamvalia nani?" Dada aliniambia kwamba kwa miezi mingi hajawahi kuulizwa na mumewe jambo lolote linalomhusu yeye mwenyewe, hadi hilo.

Msiniambie hii ni deko ya wanawake wa mjini. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, inapotaja mchango wa mtu katika ndoa, inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, na hata kule kuwa mwenzi wa mwenzako. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inakubali kwamba ndoa imevunjika ikiwa mtu amempuuza mwenzake kwa makusudi kwa angalau miaka miwili. Kulipa kodi si ndoa yote.

Mpango wa kando siutetei. Uzinzi ni sababu ya talaka kwa sheria hiyo hiyo, na majirani hawatakumbuka ule ugali uliopoa. Lakini cherehani? Kwaya? Masomo aliyoyaacha alipopata mimba ya kwanza? Hayo amweleze mumewe anakokwenda na saa ya kurudi, basi. Ruhusa asiombe.

Kuna jambo moja linanisumbua, silifichi. Akishapata marafiki na shilingi zake, huenda akaona hana haja tena ya kungoja kwenye ile meza. Laweza kutokea. Sasa ninyi mnaosema avumilie, nijibuni: avumilie hadi lini? Na yule mzee, kati yenu nani ameshamwendea kumwambia lolote?