Re: Fomu ya leseni ya redio imerudi, alama ya mwito "bado inatumika"

Kutoka: Zuhura
Wapendwa, hamjambo. Boti ni ya mtumba, futi 24, ya hapa hapa Uingereza, na ina redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) yenye DSC, yaani wito wa dharura unaotumwa kwa data badala ya sauti. Fomu ya Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, imerudi kwa sababu alama ya mwito (jina la boti redioni) na MMSI (namba yake ya utambulisho ya tarakimu tisa) bado viko kwa jina la mwenye zamani. Boti naibadilisha jina pia. Swali langu ni moja tu: kwenye fomu nijaze jina jipya, au la zamani lililo kwenye hati ya mauzo? Halafu redio ikiwashwa skrini inaandika ATIS pembeni. Hiyo ni nini?

Kutoka: Salum
Pole dada. Rahisi kabisa: futa hiyo MMSI, omba mpya, ingiza upya kwenye menyu. Dakika kumi.

Kutoka: Mzee Hamisi
Salum, usimpoteze mwenzio. MMSI na alama ya mwito hufuata boti maadamu bendera haijabadilika. Leseni ndiyo haihamishiki. Muuzaji airudishe yake, kisha Zuhura aombe leseni yake kwa namba zile zile. Atazame tarakimu tatu za mwanzo kati ya zile tisa: zikiwa kuanzia 232 hadi 235 ni za Uingereza, aziache zilivyo. Angekuta 244, ya Uholanzi, au 226, ya Ufaransa, hapo sawa, namba hiyo haina kazi tena kwenye boti yenye bendera ya Uingereza.

Na hiyo "dakika kumi" ni ya wapi? Redio nyingi humruhusu mtumiaji kuingiza MMSI mara moja, chache mara mbili, kisha hujifunga, na kuifungua ni kazi ya fundi wa mtengenezaji. Ukikosea tarakimu moja, siku ukibonyeza kitufe chekundu cha dharura walinzi wa pwani watafungua rekodi ya boti nyingine na kuanza kumpigia simu mtu aliyelala kwake.

Kutoka: Salum
Shikamoo mzee. Nilidhani boti imetoka ng'ambo.

Kutoka: Mzee Hamisi
Marahaba. Ameandika "ya hapa hapa". Tusome kwanza.

Kutoka: Rukia
Kuhusu ATIS: si AIS, watu huchanganya kila mwaka. AIS huonyesha meli kwenye ramani. ATIS ni mlio mfupi wa data unaotoka kila unapoachia kitufe cha kuongea, na unatakiwa kwenye mito na mifereji ya Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Namba yake ina tarakimu 10, huanza na 9, na hutengenezwa kutokana na alama ya mwito. Bila shaka muuzaji alikuwa akienda mifereji ya Uholanzi. Kwenye maji ya Uingereza lazima izimwe. Ikiwa imewashwa, redio nyingi huzima DSC na kushusha baadhi ya chaneli hadi wati 1, kwa hiyo kitufe chekundu unakiona lakini hakitumi kitu. Ingia kwenye menyu ya mipangilio uizime, na namba yenyewe usiifute.

Ukirudi kwenye fomu, weka alama kwenye kila chombo kilichomo botini: VHF, DSC, AIS, rada, EPIRB (kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa satelaiti). Leseni ni bure ukiomba mtandaoni na haina mwisho, ila uithibitishe angalau kila miaka 10. Usichague ile ya redio ya mkononi. Hiyo haifungwi na boti, MMSI zake huanza na 2359, na haivuki maji ya Uingereza. EPIRB ina usajili wake, tena bure, usidhani leseni inatosha.

Kutoka: Juma
Leseni ni ya boti, na SRC, cheti cha kutumia redio, je? Hiyo ni ya mtu. Bila SRC unatumia redio chini ya usimamizi wa aliye nayo. Kwenye dharura yeyote anaruhusiwa.

Lakini mimi ningeanza na waya. Redio ya wati 25 hula ampea 5 hadi 6 inapotuma. Kwa waya wa milimita za mraba 1 na umbali wa mita 5 kutoka betri, unapoteza kama volti nzima. Redio inapokea vizuri, ukibonyeza kuongea inazimika. Weka waya wa milimita za mraba 4, na fyuzi karibu na betri kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha redio.

Waya wa antena ni hadithi nyingine. RG-58, ule mwembamba, wa mita 20 hula desibeli 4 hivi, yaani antena inapata chini ya nusu ya nguvu. Tumia RG-213, ule mnene. Na pima antena kwa mita ya umeme: ikionyesha shoti, itupe.

Kutoka: Mzee Hamisi
Juma, hapo kwa shoti umeteleza. Antena nyingi za boti zina koili chini na mita itaonyesha shoti hata zikiwa nzima. Chomoa antena kwanza, upime waya peke yake. Antena yenyewe hupimwa kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi badala ya kutoka hewani, ya masafa ya megahezi 156, si ile ya redio za malori. Chini ya 2 inavumilika, chini ya 1.5 ni nzuri. Ubovu wenyewe kwa kawaida uko kwenye plagi chini ya mlingoti: maji ya chumvi yameingia, shaba imekuwa kijani.

Kutoka: Rukia
Na GPS jamani! DSC bila GPS hutuma wito usio na mahali. Kwenye NMEA 0183, njia ya vifaa vya boti kupashana data, ni waya mbili: wa kutoa data wa GPS uingie kwenye wa kupokea wa redio, kasi biti 4800 kwa sekunde. Ukiandika mahali kwa mkono, redio hukukumbusha ukipita muda wa saa 4 na kufuta ukipita muda wa saa 23 na nusu. Kujaribu, piga DSC ya majaribio kwa kituo cha pwani, namba zake huanza na 00232. Kwa sauti, waite National Coastwatch, watazamaji wa pwani wa kujitolea, chaneli 65, muiache 16, ya dharura na wito, ipumue.

Kutoka: Farida
Ikipelekwa Mombasa je? Namba ibaki?

Kutoka: Mzee Hamisi
Bendera ikibadilika, namba inabadilika. Kenya ni 634, Tanzania 674 na 677.

Kutoka: Farida
Nikisoma haya yote namkumbuka kila aliyekuwa kwenye meli zilizozama, MV Bukoba 1996 na Spice Islander 2011. Huku boti ya futi 24 ina fomu yake, kule watu walijazwa kama magunia.

Kutoka: Salum
Dada, pale tatizo lilikuwa kujaza kupita kiasi. Redio haipunguzi abiria.

Kutoka: Farida
Nani kasema inapunguza? Nasema kukagua. Anayekagua fomu ndiye angehesabu na vichwa.

Kutoka: Zuhura
Asanteni sana. Muuzaji amekubali kurudisha leseni yake, ATIS nimeizima. Sasa, jina: jipya au la zamani?

Kutoka: Juma
Zuhura, ile plagi ya waya wa antena, PL-259, uilehemu, usinunue ya kubana kwa skrubu. Na ukimaliza izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze.